Mathias Zdarsky, mwalimu wa skii aliyevunjwa na theluji

Majira ya machipuko yanapokaribia na jua kuanza kuilegeza theluji ya milima ya Alps, hatari ya maporomoko huongezeka. Nchini Austria, mmoja wa watu wa mwanzo kulichunguza janga hilo kwa makini alikuwa yeye mwenyewe amevunjwavunjwa nalo.

Mathias Zdarsky alizaliwa Februari 25, 1856, katika jimbo la Moravia, ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech. Ajali ya utotoni ilimpofusha jicho la kushoto. Alikuwa mwalimu, mchoraji na mchongaji, kisha akahamia Lilienfeld, Austria ya Chini, kwenye shamba lililo mlimani. Huko alisoma habari za Fridtjof Nansen, raia wa Norway aliyeivuka Greenland kwa skii, akaagiza mbao zake mwenyewe. Hazikumfaa. Mbao za Norway zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya vilima, si miteremko mikali ya Alps. Zdarsky akazifupisha, akabuni kifungo cha chuma cha kushikilia kiatu, na kwa kutumia fimbo moja ndefu akajifunza kugeuka penye mteremko mkali. Mwaka 1896 aliichapisha mbinu hiyo, na baadaye akawafundisha maelfu ya watu bila malipo. Machi 19, 1905, aliandaa mashindano ya kupita katikati ya vijiti kwenye mlima Muckenkogel, na wengi huyahesabu kuwa chanzo cha mbio za slalomu za leo.

Umahiri huo uliwafikisha watu mahali ambapo awali hawakuthubutu kukanyaga wakati wa baridi, na huko ndiko maporomoko yalikokuwa yakiwasubiri.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, jeshi la Austria na Hungary lilimtumia kama mshauri wa mambo ya milima. Februari 28, 1916, siku tatu baada ya kutimiza miaka 60, alikuwa katika milima ya Karni, kwenye mpaka wa Italia, akishiriki kuwatafuta askari waliofukiwa. Poromoko jingine likashuka na kumzoa. Alitolewa akiwa hai, lakini akiwa na takriban mivunjiko na miteguko 80 mwilini. Desemba ya mwaka huohuo, katika mlima Marmolada, poromoko moja liliifukia kambi ya jeshi hilo na kuua mamia ya askari.

Zdarsky alijitibu kwa mazoezi aliyoyabuni mwenyewe, na baada ya miaka mingi akarudi kwenye skii. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu elimu ya maporomoko, akisimulia humo yaliyompata na kuwatahadharisha wasomaji wasiuamini upole wa theluji. Onyo hilo bado lina uzito, kwani maporomoko mengi yanayoua wapandaji huanzishwa na wapandaji wenyewe, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Katika machipuko, theluji iliyoganda usiku hushikamana alfajiri. Jua likishapanda, maji ya theluji inayoyeyuka hupenya chini na kuilegeza. Ndiyo maana wenyeji wa milima hutoka kungali giza na kurejea kabla ya adhuhuri, na penye shaka huvuka mmoja mmoja. Kila mmoja hubeba kifaa cha redio cha kutafutia waliofukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na sepetu, kwa kuwa aliyefukiwa hukosa hewa ndani ya dakika chache na mara nyingi kikosi cha uokoaji hufika kimechelewa. Redio hizo hazikuwapo enzi za Zdarsky. Yeye aliacha kifaa kingine, mfuko mwepesi wa kujihifadhia watu walionaswa na dhoruba, ambao wapanda milima wa nchi zinazozungumza Kijerumani wangali wanauita kwa jina lake.

Alifariki dunia Juni 20, 1940, mjini St. Pölten, akiwa na umri wa miaka 84. Lilienfeld ina makumbusho yenye jina lake.