Mazrui Yupi?

Juzi, hapa Magongo, nilimwuliza kijana mmoja wa sekondari kama amepata kumsikia Sheikh Al-Amin Mazrui. Alijibu bila kusita kwamba ndiye mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Sikumlaumu. Tamthilia hiyo ya mwaka wa 1981 imeandikwa na Alamin Mazrui, wajina wa Sheikh. Naye Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka wa 2014, alivuma ulimwenguni kote. Majina yakilingana, aliyetangulia humezwa na waliomfuata.

Sheikh Al-Amin bin Ali, baba mzazi wa Profesa Ali, alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Ukoo wake uliutawala mji huo hadi ulipong'olewa na Seyyid Said mwaka wa 1837. Alirithi, basi, jina kubwa lisilo na kiti. Babake, aliyekuwa mwanachuoni, alimwacha angali mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa zake.

Angeweza kuketi barazani akajivunia mababu. Ni kweli aliiandika tarehe ya ukoo wao kwa Kiarabu, lakini hima yake kubwa ilikuwa kwa walio hai. Mwaka wa 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka wa 1932 Al-Islah, yaani marekebisho. Humo aliandika kwa Kiswahili, asiyejua Kiarabu asije akaachwa nje. Aliwakemea Waislamu wenzake kwa kuipuuza elimu, ya wasichana ikiwemo, na kwa kuiga mageni bila ya kupima. Makala yake yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka wa 1937 hadi alipofariki mwaka wa 1947.

Yule kijana alinisimulia kila tendo la Lanina, shujaa wa tamthilia ile, ambaye ni mtu wa kubuniwa. Mtu wa kweli aliyeishi ng'ambo ya Makupa tu, hakumjua. Hapo ndipo penye kasoro, nayo ni yetu sisi walimu. Mhusika hukumbukwa kwa sababu hufundishwa kwa matendo yake. Sheikh tumemwacha awe jina tu. Na jina, hata likiwa tukufu namna gani, halisomeshi mtu. Yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana akashika kalamu.