Padri Apolo Kivebulaya, Mjenzi wa Umoja

Marehemu Padri Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alishiriki vita vya dini vilivyoigawanya nchi hiyo, ndugu wakimwaga damu ya ndugu. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka mto Semliki kwenda kuhubiri Boga, ambako leo ni Kongo.

Chifu Tabaro hakumtaka. Wenyeji walimnyima chakula, naye akalima shamba lake mwenyewe. Alichapwa, kisha akashtakiwa kwa kifo cha jamaa ya chifu aliyechomwa na mkuki kwa ajali, akafungwa gerezani Toro. Alipofunguliwa alirejea Boga pasipo kulipa kisasi. Hatimaye Tabaro naye alibatizwa, akaitwa Paulo. Mshitaki na mshitakiwa wakasali pamoja.

Apolo aliwaendea pia Wambuti wa msituni, waliodharauliwa na jirani zao. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Waanglikana wa Kongo humheshimu kuwa mwanzilishi wa kanisa lao.

Askari ajua kwamba kikosi chenye chuki hushindwa kabla ya vita. Ndivyo lilivyo kanisa: asiyesamehe hawezi kujenga pamoja na mwenzake.