George Westinghouse: hewa ya wachimbaji njo ilisimamisha treni

Mu cité zetu za Kolwezi, kwa sisi ambao mkate wetu unatoka Mashamba, hakuna mzazi asiyejua treni ya waya. Mtoto anaokota waya, mikebe ya sardini na vizibo vya chupa. Mikebe inakuwa wagoni, vizibo vinakuwa magurudumu. Anaivuta na kamba, honi anapiga na kinywa chake mwenyewe. Akitaka isimame, anaacha tu kuvuta. Freni yake njo ile.

Kule Ulaya na Marekani mchezo huu haukubaki wa watoto. Tangu mwaka wa 1891 kampuni ya Märklin, ya Ujerumani, iliuza treni ndogo pamoja na reli zake, na mpaka leo kuko wazee wenye mvi wanaopanga treni hizo juu ya meza, na stesheni zake na milima yake. Wengine wanatengeneza kubwa kidogo, inayozunguka bustani na watoto wameikalia. Na wengine wanafufua injini za moshi za zamani na kubeba abiria siku ya mapumziko. Hata hapa Afrika, mu makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, kunasimama injini kubwa za moshi kama ile nambari 5918 yenye jina la Mount Gelai, na watu wanatoka mbali kuja kuzitazama.

Lakini hapo kuko tofauti moja kubwa. Treni ya juu ya meza, ukikata umeme, inasimama, juu ni nyepesi. Treni inayobeba watu, hata ile ndogo ya bustani, ukifunga mvuke haisimami. Uzito wake unaendelea kuisukuma, na kama iko ku mteremko, mwendo unazidi. Ndiyo maana wapenda treni wote, siku wanapotoka juu ya meza na kuanza kubeba watoto wa watu, wanakutana na swali lile lile lililomsumbua kijana mmoja wa Marekani zaidi ya miaka 150 iliyopita: treni itasimama namna gani? Leo tunasimulia maisha ya kijana yule.

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 ku Central Bridge, kijiji cha jimbo la New York. Baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza mashini za kilimo mu mji wa Schenectady, na George alikomaa katikati ya vyuma na mafuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani, aliingia jeshini akiwa kijana mdogo sana: kwanza askari wa farasi, kisha fundi wa mashini ku manowari. Mkubwa wake Albert alikufa mu vita ile. George alirudi nyumbani, akaingia chuo kikuu, na nyuma ya miezi mitatu tu akaacha. Darasa halikumshika. Alirudi ku karakana ya baba yake, na mwaka wa 1865, kabla ya kufikisha miaka 20, alipata hati ya kwanza ya uvumbuzi wake.

Treni ilimwingia maishani kwa njia nyingi. Bibi yake, Marguerite Walker, walionana mara ya kwanza ndani ya treni, wakaoana mwaka wa 1867. Na siku moja, akisafiri kati ya Schenectady na Troy, njia ilifungwa: treni mbili za mizigo zilikuwa zimegongana mbele. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, reli ilikuwa imenyooka, mamasinisti wawili walikuwa wameonana. Walijaribu kusimama, lakini muda haukutosha.

Juu ya nini haukutosha? Tuelewe namna freni ilivyokuwa wakati ule. Kila wagoni ilikuwa na gurudumu lake la kukaza freni kwa mkono. Masinisti akipiga honi, vijana wa freni walikimbia juu ya mapaa ya wagoni, wakiruka kutoka moja mpaka nyingine, wakikaza moja baada ya nyingine. Usiku, mvua, barafu, ilikuwa vile vile. Wengi walianguka katikati ya wagoni na kufa. Na mpaka wamalize kukaza, treni ilikuwa imekwenda mbali.

Westinghouse alitafuta njia ya masinisti kukaza freni zote yeye mwenyewe, kwa mara moja. Alifikiri mnyororo mrefu, akaona hauwezi. Alifikiri mvuke wa injini, lakini mvuke ukisafiri mu tiyo ndefu unapoa na kugeuka maji. Alikuwa karibu kukwama.

Hapa, wandugu wachimbaji, njo tunaingia sisi. Siku moja msichana alipita mu karakana akiuza gazeti, na George akalinunua. Ndani alikuta habari ya watu waliokuwa wakitoboa mlima kati ya Ufaransa na Italia, ku Mont Cenis, ili reli ipite chini yake. Njia ile ya chini ilikuwa ya zaidi ya kilometa 12. Kule ndani huwezi kuweka injini ya mvuke, moshi utaua watu. Kwa hiyo walikandamiza hewa inje ya mlima, wakaipeleka mu tiyo mpaka ndani kabisa, na hewa ile ikasukuma mashini za kutoboa mawe. Kila mtu aliyeshuka ku Kamoto chini ya ardhi anajua kazi ya kompresere na tiyo yake. Westinghouse aliona jambo moja tu: kama hewa inaweza kusafiri mbali vile na bado ikatoboa jiwe, itashindwaje kukaza magurudumu ya treni?

Alihamia Pittsburgh, mji wa chuma na makaa. Wenye reli wengi walimkatalia, lakini kampuni moja ilimpa treni ya kujaribia, kwa sharti kwamba gharama ni yake. Masinisti aliitwa Daniel Tate. Siku ya safari ya kwanza walikuwa ndani wakubwa wa kampuni. Walipotoka tu mu tunele, mbele yao gari la farasi lilikuwa likivuka reli. Farasi waliogopa, mwenye gari akaanguka katikati ya njia. Tate akafungulia hewa. Treni ilisimama karibu mita moja tu mbele ya mtu yule. Wakubwa ndani waliangushwa toka ku viti vyao, lakini walipotoka kuona sababu, hakuna aliyebaki na ubishi. Hati ya freni ile ilitolewa tarehe 13 Aprili 1869. George alikuwa na miaka 22, na mwaka ule ule akafungua kampuni yake ya freni.

Wengi wangeridhika hapo. Lakini freni ile ya kwanza ilikuwa na ugonjwa. Ili ikaze, ilihitaji hewa itoke ku injini, ipite mu tiyo, ifike ku kila wagoni. Tiyo ikipasuka, hewa inamwagika inje, na treni haina freni tena. Wagoni zikikatika nyuma, hazina kitu cha kuzizuia. Yaani freni ilifanya kazi paka siku yote iko sawa. Siku ya hatari, yenyewe njo ya kwanza kufa.

Westinghouse hakujificha na kosa lake. Mwaka wa 1872 aliigeuza chini juu. Mu freni mpya, kila wagoni ilibeba tanki yake ndogo ya hewa, pamoja na valvu yenye kusikiliza tiyo kubwa. Tiyo ikiwa imejaa, valvu inaacha freni imefunguka. Hewa ikipungua mu tiyo, valvu inafungulia ile tanki ndogo, na freni inakaza. Masinisti akitaka kusimama, anapunguza hewa. Tiyo ikipasuka, hewa inapungua yenyewe. Wagoni zikikatika, hewa inapungua yenyewe. Kila mara jibu ni moja: treni inasimama.

Mashofere wetu wa kamyo nzito, wale wanaobeba shaba kwenda Kasumbalesa, wanaijua akili hii hata kama hawajasikia jina la Westinghouse. Asubuhi wanawasha, wanangoja hewa ipande, juu bila hewa freni ya kuegesha haiachii. Hewa haikazi freni ile, hewa inaizuia isikaze.

Kazi haikuisha. Mwaka wa 1886, kule Burlington, walijaribu freni mbalimbali ku treni ndefu za mizigo, wagoni 50. Ya Westinghouse iliaibika: wagoni za mbele zilikaza kwanza, za nyuma zikachelewa, zikapiga za mbele kwa nguvu. Alirudi ku karakana, na mwaka wa 1887 alikuja na valvu ya haraka zaidi, ikafaulu. Mwaka wa 1893 Marekani iliweka sheria ya kulazimisha freni ya hewa ku treni.

Lakini pasipo sheria watu walilipa bei. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, inchi ya Ireland, treni ilibeba watoto wa kanisa pamoja na wazazi wao kwenda kutembea ku bahari. Ilikuwa safari ya furaha, kama zile ambazo wapenda treni wanatengeneza leo. Injini ilishindwa kupanda mlima. Wakaamua kukata treni vipande viwili, wapandishe cha mbele kwanza. Treni ile ilikuwa na freni isiyojikaza yenyewe: ilipokatwa, wagoni za nyuma zilibaki na freni ya mkono ya wagoni moja tu, na mawe waliyoweka nyuma ya magurudumu. Mawe yalisagika. Wagoni zilirudi chini zikiwa zimejaa watu, zikagongana na treni nyingine iliyokuwa ikipanda. Karibu watu 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka ule ule Uingereza ilitoa sheria: treni yoyote ya abiria iwe na freni inayojikaza yenyewe. Freni ya namna hiyo ilikuwa imevumbuliwa tangu miaka 17.

Maisha ya Westinghouse yalikuwa na mambo mengine makubwa, na mengine yametufikia hapa. Njo yeye aliyepigania umeme wa kwenda na kurudi, ule unaoweza kusafiri mbali, akanunua mwaka wa 1888 hati za mvumbuzi Nikola Tesla. Umeme wa namna ile njo unaotoka Nzilo na Nseke ku mto Lualaba, na njo uliovuta treni za reli yetu ya Katanga tangu miaka ya 1950.

Kwa wafanyakazi wake, aliwapa nusu ya Jumamosi ya kupumzika, jambo la ajabu wakati ule, na ku Wilmerding kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi karibu na kiwanda. Mwaka wa 1907 shida ya benki iliangusha kampuni yake ya umeme, na mwishowe akatolewa mu nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alikufa tarehe 12 Machi 1914, akiwa na miaka 67 na hati za uvumbuzi zaidi ya 300. Alizikwa Arlington pamoja na maaskari wa zamani. Mwaka wa 1930 wafanyakazi walichanga pesa wakamjengea ukumbusho mu Pittsburgh.

Ukumbusho mkubwa zaidi ni ile sauti ya hewa inayotoka wakati treni inasimama. Mu vyama vya wapenda treni za zamani, kabla ya kuondoka wanajaza tiyo, wanapunguza hewa, na mtu anakwenda mpaka wagoni ya mwisho kuangalia kama freni yake imekaza kweli. Wagoni ya mwisho isipojibu, safari inangoja, hata kama watoto wamekwisha kulipa tiketi. Na treni ikilala, wanakaza freni za mkono na kuweka vizuizi ku magurudumu, juu hewa inavuja pole pole. Mu mwaka wa 2013, ku Lac-Mégantic, inchi ya Kanada, treni ya mafuta iliachwa usiku ku mteremko na freni za mkono chache. Hewa ilivuja, treni ikashuka yenyewe mu mji, watu 47 wakafa.

Sisi tunaambiwa nini? Reli yetu inapita milima, na mwezi wa Machi 2022, ku Buyofwe, mu Lubudi, treni ya mizigo ilianguka na watu waliokuwa wamepanda juu yake. Zaidi ya 60 hawakurudi nyumbani. Freni, hata ikiwa nzima, haimshiki mtu aliyekaa juu ya wagoni ya madini. Wale vijana wa freni wa Marekani walikufa juu ya mapaa kwa sababu kazi iliwalazimisha, na Westinghouse alipoteza usingizi ili waweze kushuka. Watoto wetu wasirudi kupanda pale.

Kwa hiyo, mtoto akileta treni yake ya waya jioni, tusimfukuze. Tumwulize tu: kamba ikikatika ku mteremko, itasimama namna gani? Akikuna kichwa na kutafuta jibu, tumpatie waya mwingine.