Mtakatifu Sipriani wa Kartago, Askofu Aliyetoa Hesabu

Ninyi mnaojitayarisha kupokea ubatizo, pengine mwadhani ya kuwa watakatifu wote walizaliwa katika nyumba za Wakristu na kubatizwa wangali wachanga. Sivyo. Leo nawasimulia habari za mtu aliyekaa kwanza kati ya wakatekumeni akiwa mtu mzima, mwenye mali na jina kubwa. Naye alikuwa mtu wa Afrika.

Jina lake kwa Kilatini ni Thascius Caecilius Cyprianus; sisi twamwita Sipriani. Alikaa Kartago, mji mkubwa wa pwani ya kaskazini, karibu na mji uitwao sasa Tunis. Waroma ndio waliotawala huko. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe, alifanywa Askofu Mkuu wa Kartago mwaka 1884. Hivyo yule aliyewatuma wamisionari Wakatoliki wa kwanza kwenye ziwa letu la Tanganyika aliketi katika kiti cha Sipriani.

Sipriani alikuwa mwalimu wa ufasaha, yaani aliwafundisha vijana namna ya kusema vizuri mbele ya waamuzi na wakubwa. Kazi hiyo ilimpa sifa na fedha. Lakini moyoni hakutulia. Mzee mmoja padri, jina lake Caecilianus, akamfundisha dini. Sipriani alisumbuliwa na shaka ambayo kila mwaka naisikia darasani kwa watu wazima: je, mtu aliyekwisha kuzoea karamu, mavazi ya fahari na heshima za watu, awezaje kuzaliwa upya na kuacha yote? Aliandika baadaye ya kwamba maji ya ubatizo yalimjibu. Akabatizwa karibu mwaka 246. Mali yake nyingi aliwagawia maskini, na yule mzee alipokaribia kufa, akamwachia Sipriani watu wa nyumba yake awatunze.

Haukupita muda mrefu, Wakristu wa Kartago wakamtaka awe askofu wao, yapata mwaka 249. Mapadri watano, waliokuwa wa zamani kuliko yeye katika dini, hawakupendezwa. Kumbukeni hao, maana tutawakuta tena.

Mwanzoni mwa mwaka 250 ikaja amri ya kaisari Decius: kila mtu atoe sadaka mbele ya miungu ya serikali, kisha apewe hati ya kushuhudia ya kuwa ametii. Ndugu, ni lazima niseme kweli, Wakristu wengi wa Kartago walianguka. Wengine hawakungoja kuitwa; walikimbilia kiwanjani kwa wingi hata jioni wakubwa wakawaambia warudi kesho. Wengine, wakijiona wenye akili zaidi, hawakutoa sadaka bali walinunua hati kwa fedha, wakaiweka nyumbani. Palikuwa na wengine tena walioshika imani, wakafungwa na kuteswa, na baadhi yao wakafa.

Na askofu? Alijificha mahali pa siri nje ya mji, maana wapagani walikuwa wakipiga kelele atupwe kwa simba. Jambo hili liliwakwaza watu. Huko Roma, Papa Fabiani alikuwa ameuawa tarehe 20 Januari 250, na mapadri wa Roma waliandika barua kwenda Kartago, wakigusia habari ya mchungaji wa mshahara akimbiaye mbwa mwitu ajapo. Sipriani aliumia. Lakini hakusema ya kwamba askofu haulizwi. Aliwaandikia Waroma sababu za kujificha kwake: akikaa mjini, fujo itawaangukia Wakristu wote. Kisha akawapelekea nakala za barua 13 alizokuwa amewaandikia watu wake toka mafichoni, ili wapime wenyewe kama mchungaji alikuwa amelala. Mimi naona kitendo hicho ni kikubwa kuliko vitabu vyake vyote. Mwenye cheo alipoulizwa, alifungua daftari.

Mateso yalipopungua, walioanguka walitaka kurudi. Hapo ndipo fitina ilipoanza. Ilikuwa desturi kuwaheshimu sana waungama, yaani wale waliofungwa kwa ajili ya Kristu, na neno lao la kumwombea mkosefu lilisikilizwa. Basi walioanguka wakawaendea gerezani kuomba barua. Barua zikatolewa kwa mamia. Nyingine zilisema tu ya kuwa fulani apokewe pamoja na watu wake, bila kutaja majina. Na mtu mmoja aliweza kuja na watu 20 au 30 nyuma yake. Baadhi ya wale mapadri watano wakawapa Ekaristi papo hapo, pasipo toba wala kuwekewa mikono. Walisema ya kuwa wanahurumia watu.

Sipriani alikataa. Aliwaheshimu waungama, lakini akasema kila mmoja aitwe kwa jina lake na tendo lake lichunguzwe. Wapinzani wake wakajitenga na kufanya kundi lao, chini ya mmoja aitwaye Felicissimus. Wakati uleule, huko Roma, padri Novatiani alijitenga kwa upande mwingine kabisa: yeye alitaka aliyekana imani asirudishwe kamwe, hata akilia mpaka kufa. Hivyo Sipriani akawa katikati, akipigwa toka kulia na toka kushoto.

Mwaka 251, baada ya Pasaka, alirudi mjini, maaskofu wa Afrika wakakutana kwake. Wakaamua hivi: walionunua hati tu, wachunguzwe mmoja mmoja na kupokewa, waliotoa sadaka wafanye toba ya muda mrefu, ila wakiwa katika hatari ya kufa wapewe amani ya Eklezya. Baadaye, hatari mpya ilipokaribia, maaskofu waliwarudishia ushirika wote waliokuwa wakifanya toba, ili waende vitani wakiwa wamekula Mwili wa Bwana. Ndipo mjue ya kuwa mlango haukufungwa. Ila kila mtu aliupita kwa jina lake mwenyewe.

Barua za Sipriani zipo hata leo, nazo zatuonyesha mambo madogo ya kila siku ya Wakristu wake. Askofu mmoja aliuliza habari za mtu aliyeacha michezo ya kuigiza ya wapagani, iliyojaa mambo ya aibu, lakini akaendelea kuwafundisha vijana michezo hiyo apate chakula. Je, aweza kubaki katika ushirika? Sipriani alijibu ya kuwa haiwezekani kufundisha ubaya uliouacha. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye akaongeza: kama mtu huyo ni maskini, Eklezya imlishe pamoja na maskini wengine, na kama Eklezya ya mji huo haina kitu, basi aje Kartago, atapata chakula na mavazi. Waalimu wenzangu tunaowaambia watu waache kazi ya dhambi, tena hatuulizi watoto wao watakula nini, na tuisome barua hiyo.

Mara nyingine wanyang'anyi waliwateka Wakristu wa Numidia. Watu wa Kartago wakachanga sesterti 100,000 za kuwakomboa. Sipriani alizituma fedha hizo pamoja na orodha ya majina ya waliotoa, ili waombewe. Hakuna aliyebaki kujiuliza fedha zimekwenda wapi.

Mwaka 254 zikaja habari toka Hispania. Maaskofu wawili huko, Basilides na Martialis, walikuwa wamechukua hati za sadaka wakati wa mateso. Martialis tena alihudhuria karamu za chama cha wapagani na kuwazika wanawe kati yao. Watu wakawaweka wengine mahali pao. Lakini Basilides, aliyekuwa amekwisha kukiri na kuacha cheo, alikwenda Roma, akamficha Papa Stefano ukweli, akataka kurudishwa. Sipriani na maaskofu wenzake 36 waliandika ya kuwa Wakristu wale wamefanya vema kumkataa mchungaji wa namna hiyo, na ya kwamba Papa aliyedanganywa halaumiwi kama yule aliyemdanganya.

Lakini msidhani ya kuwa Sipriani hakukosa kamwe. Alishika kwamba ubatizo uliotolewa na waliojitenga si kitu, nao wakirudi ni lazima wabatizwe. Papa Stefano alishika desturi ya Roma ya kuwawekea mikono tu. Mwaka 256 maaskofu 87 walikutana Kartago, wote wakawa upande wa Sipriani. Hata hivyo neno la Stefano ndilo lililoshinda katika Eklezya. Ubishi ulikuwa mkali, nao walikufa kabla haujaisha. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzake, alikiri kosa hilo waziwazi, asiache kumheshimu.

Kulikuwa pia na tauni iliyoua wengi katika miaka hiyo. Sipriani aliwapangia Wakristu kazi ya kuwahudumia wagonjwa, tajiri kwa fedha na maskini kwa mikono, pasipo kuwabagua wapagani waliokuwa jana wakitaka damu yake.

Kaisari Valeriani akaanza mateso mapya. Mwezi wa Agosti 257 Sipriani alipelekwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata alirudishwa, akakaa katika bustani yake akingoja. Alipopata habari ya kwamba askari wanakuja kumchukua hata Utica auawe huko, alijificha tena. Aliandika sababu: yafaa askofu aungame imani katika mji wa watu wake, mbele yao. Liwali Galerius Maximus aliporudi Kartago, Sipriani alitoka akakamatwa.

Usiku ule Wakristu walikesha nje ya nyumba alimowekwa. Naye katika usiku wake wa mwisho aliagiza wasichana waliokuwa katika umati walindwe vizuri. Kesho yake, tarehe 14 Septemba 258, aliulizwa maneno machache, akakataa kutoa sadaka, na hukumu ikasomwa. Alimshukuru Mungu. Alipelekwa katika kiwanja chenye miti, vijana wakipanda matawini wapate kumwona. Alivua vazi lake, akapiga magoti akasali, akaagiza wenzake wampe muuaji vipande 25 vya dhahabu. Wakristu walitandaza vitambaa mbele yake. Alijifunga macho mwenyewe; mikono yake ilifungwa na padri na subdiakoni, wote wawili wakiitwa Juliani.

Mwili wake uliachwa hapo karibu mpaka jioni. Usiku watu wake wakaja na mishumaa na mienge, wakamchukua kwa sala.