George Freeth, mtu wa maji ya baridi

Ukimtajia mwanachuo mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, anawaza jua na minazi. Sisi tuliokulia pwani ndiyo kabisa, maana bahari yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Ndiyo maana nimevutiwa na maisha ya George Freeth, aliyeuchukua mchezo huu kutoka Hawaii akaupeleka kwenye baridi.

Alizaliwa Honolulu tarehe 8 Novemba 1883, na upande wa mama alikuwa na damu ya Kihawaii. Mwaka 1907 mwandishi Jack London alimwona akipanda mawimbi ufukweni Waikiki, akaandika habari zake. Mwaka huohuo Freeth akapanda meli kwenda California. Huko tajiri wa reli, Henry Huntington, alikuwa na viwanja vya kuuza Redondo Beach na alitaka watu wapande treni zake kwenda kuviona. Freeth akawa ndiye kivutio: wakamtangaza eti ni mtu anayetembea juu ya maji. Tangazo la biashara tu, lakini watu walijaa.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Maji ya California ya kusini wakati wa kipupwe hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Utasema si barafu hiyo, lakini maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa ya baridi ileile. Tena ukiogelea kwa nguvu, damu inakwenda kwenye mikono na miguu, na ile tabaka nyembamba ya maji yaliyopata joto karibu na ngozi inaoshwa kila unapojitikisa. Vidole ndivyo vinavyoanza kufa ganzi, kisha mtu anashindwa hata kushika kamba. Na Freeth alikuwa na nini? Vazi la kuogelea la sufu, basi. Sufu ikilowa inakuwa nzito, na maji yanapita humo kama kwenye chandarua.

Tarehe 16 Desemba 1908 dhoruba iliwakamata wavuvi wa Kijapani karibu na gati la Venice. Freeth, ambaye kazi yake ilikuwa uokoaji ufukweni, aliruka kutoka gatini. Alirudi majini mara tatu, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na yeye mwenyewe akawatoa watu 7. Wote waliookolewa siku hiyo walikuwa 11. Mimi nikisoma habari hii sishangazwi na kuogelea kwake kama ninavyoshangazwa na ile mara ya tatu: mwili umeshapoa, unatetemeka, na unajua kabisa maji yale yakoje. Mwaka 1910 serikali ya Marekani ilimpa nishani ya dhahabu ya uokoaji.

Nishani haikumfanya tajiri. Tena, kwa kuwa alilipwa mshahara wa kuokoa watu, wakubwa wa michezo walimhesabu kuwa mchezaji wa kulipwa, mlango wa Olimpiki ukafungwa. Hapo, jamani, mimi naona alionewa. Akabaki kufundisha wengine, na mwanafunzi wake Ludy Langer alipata medali ya fedha ya kuogelea mwaka 1920.

Freeth hakuiona medali hiyo. Mwaka 1918, baada ya wanajeshi 13 kuzama siku moja Ocean Beach, San Diego, aliajiriwa kulinda ufukwe huo. Kisha ikaja ile homa kubwa ya mafua, ambayo iliua wengi hata huku Afrika Mashariki. Akafa tarehe 7 Aprili 1919, na umri wake miaka 35.

Dawa ya ile baridi ilichelewa. Mwaka 1952 mwanafizikia Hugh Bradner wa Berkeley alifikiria suti ya neoprini, mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Maji kidogo yanaingia ndani, hilo si neno; vile vipovu ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Alimradi suti ikubane vizuri, maana ikiwa pana kila wimbi linaingiza maji mapya ya baridi. Siku hizi vijana wa California wanakaa majini saa nyingi katikati ya kipupwe, na soksi na glavu za mpira huohuo.

Freeth alichongewa sanamu karibu na gati la Redondo Beach. Mwaka 2008 wezi waliiiba, ikabidi kutengenezwa nyingine.