Bagnold, bwana aliyeufuata mchanga
Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa 1896, alipopelekwa Misri jangwa lilimkaa moyoni. Siku za likizo alilivuka kwa gari za Ford. Alipoacha jeshi mwaka 1935, alijitengenezea bomba kubwa la upepo, akapiga picha chembe za mchanga zikirukaruka. Akagundua: upepo ukizidi mara mbili, mchanga unaobebwa huzidi kama mara nane. Ndo maana dhoruba moja tu hufukia barabara. Kitabu chake kilitoka 1941. Mwaka 1966 Idara ya Jiolojia ya Marekani, iliyohamia baadaye Reston, wilaya moja na Annandale, ilichapisha hesabu zake za mchanga mitoni. Alifariki 1990, wapimaji wa mchanga bado huanzia kwake.