Ansel Adams: Jamaa Aliyebaki na Kioo Kimoja

Kama umewahi kuamka saa kumi usiku ukapige picha ya jua likichomoza, halafu ukafika mlimani ukakuta ukungu mtupu, basi huyu msee ni wa kwenu.

Ansel Adams alizaliwa San Francisco, Marekani, Februari 20, 1902. Mwanzo wake haukuwa rahisi. Tetemeko kubwa la ardhi la 1906 lilimpata akiwa na miaka minne, akaanguka akavunjika pua, na pua ikabaki imepinda hadi uzeeni. Shule nayo ilimshinda. Hakutulia darasani hata kidogo, na alipofika miaka 12 babake akamtoa, akasomea nyumbani. Sisi tulioacha masomo njiani tusome hapo vizuri: aliacha darasa, hakuacha kujifunza. Alijifundisha piano mwenyewe, na mpango ukawa huo, kuwa mpiga piano wa majukwaani.

Mwaka wa 1916 familia yao ilitembelea Yosemite, bonde la California lenye majabali marefu na maporomoko ya maji. Wazazi wakampa kamera ndogo ya Kodak. Si basi! Akawa anarudi huko kila mwaka. Hata hivyo, piano iliendelea kuwa mpango namba moja hadi karibu 1930, alipoamua kwamba kamera ndiyo kazi yake.

Lakini picha iliyomfungua macho aliipiga Aprili 1927. Siku hiyo alipanda na marafiki hadi mahali panapotazamana na jabali la Half Dome, kamera kubwa mgongoni. Wakati huo picha zilinaswa kwenye vioo maalum, na yeye alibeba 12 tu. Njiani vingine viliharibika, vingine akavitumia. Kufika juu, amebaki na viwili.

Cha kwanza alikipiga kwa filta ya manjano, kama alivyozoea. Alipomaliza akang'amua kwamba anga itatoka ya kijivu cha kawaida, wakati jabali lenyewe lilikuwa linatisha. Akabadilisha mpango papo hapo. Akafunga filta nyekundu, ambayo huzuia mwanga wa buluu na kufanya anga itoke karibu nyeusi, kisha akatumia kioo cha mwisho. Hakukuwa na cha tatu. Picha hiyo ndiyo iliyomjenga jina.

Miaka ikasonga, na hasara hazikukosa. Mwaka wa 1937 chumba chake cha kusafishia picha kule Yosemite kilishika moto, negativu nyingi zikateketea. Akaendelea na kazi.

Sasa njoo Novemba 1, 1941, jimbo la New Mexico. Alikuwa ameshinda akitafuta picha, hakuna la maana. Akiendesha gari kurudi Santa Fe jioni, akaona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez, na jua linalozama likiangaza misalaba meupe ya makaburini. Akasimamisha gari, akatoa kamera mbio. Kutafuta kipima mwanga, hakionekani!

Wengi wetu tungekata tamaa hapo. Yeye alikumbuka kwamba mwezi huangazwa na jua, kwa hivyo ukali wa mwanga wake unajulikana: kandela 250 kwa kila futi mraba. Akapiga hesabu kichwani, akafungua lenzi sekunde moja. Alipojiandaa kupiga ya pili, jua likatoka kwenye misalaba. Ikabaki hiyo moja, na ni miongoni mwa picha maarufu zaidi za mandhari duniani.

Watu husema alibahatika. Mwezi kutokea pale, sawa, hiyo ni bahati. Lakini ile namba 250 haikuletwa na bahati. Aliijua kwa sababu alikuwa ameisoma siku ambazo hakuna kilichokuwa kinamharakisha. Kubadilisha mpango haraka huwezekana kama kichwa kina kitu cha kubadilishia.

Adams alifariki Aprili 22, 1984, na mwaka uliofuata kilele kimoja cha milima ya Yosemite kikapewa jina lake. Kwa hivyo wikendi hii mvua ikikuharibia mpango wa picha, usirudishe simu mfukoni. Angalia mwanga umehamia wapi. Na kama hakuna kitu kabisa, keti ujifunze kamera yako inavyofanya kazi, maana mwezi hautakungoja uulize.